Tonto Ina Kwao

Wahenga walinena kwamba mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Methali hiyo ilizaliwa pwani, chini ya minazi, lakini mkazi wa Old Kampala aweza kuifahamu bila ya kufafanuliwa, ingawa kinywaji cha huku hakitoki kwenye mnazi. Hutoka kwenye mgomba. Jina lake ni tonto, na Waganda huiita pia mwenge bigere, maana yake pombe ya nyayo. Ni kinywaji kikali chenye tabia yake, na tabia hiyo haitoki kiwandani. Hutoka katika shamba moja, kwa mikono ya watu wanaojulikana.

Jambo hilo lilimfika askari mmoja kijana wa polisi, aliyepanga vyumba viwili kwenye mteremko wa kilima cha Old Kampala, chini ya msikiti mkuu wa taifa. Uchumba wake ulikuwa umekubaliwa, na siku ya kwanjula, yaani siku ya kujitambulisha rasmi kwa wazazi wa binti, ilikuwa imewekwa kuwa Jumamosi ya wiki ya pili iliyofuata. Orodha ya vitu vya kupeleka ilimjia kwa maandishi: nguo za mama, kanzu ya baba, sukari, chumvi, nyama na vibuyu vya tonto. Mbele ya neno tonto mkono wa mzee ulikuwa umeongeza maneno mawili: ya shamba moja.

Kijana hakuyajali sana maneno hayo. Alishuka mjini akamwendea muuzaji mwenye majerikeni ya manjano yaliyopangwa ukutani. Bei ilikuwa nafuu, na rangi ya kinywaji ilikuwa ya kupendeza. Kijana aliuliza tu, kwa desturi ya kazi yake ya kuulizauliza, pombe hiyo imetoka kwenye shamba la nani. Muuzaji akacheka. Alijibu kwamba huletewa na watu wengi, kila mmoja na chake, naye huchanganya. Ikipungua utamu huongeza sukari, ikipungua wingi huongeza maji.

Jioni ile kijana alimsimulia habari hiyo jirani yake, mke wa sajini, mama mtu mzima aliyekwisha kuoza binti wawili. Mama huyo akamtazama kwa huruma.

"Mwanangu," akasema, "wewe hupeleki pombe kule. Wapeleka jina la baba yako. Nenda kwa shangazi yako."

Hapa inafaa kueleza kwa nini maneno mawili ya mzee yalikuwa na uzito. Ulimwenguni kote watu wanaojali kinywaji chao hutaka kujua kimetoka wapi. Huko Burgundy, nchini Ufaransa, wako wakulima ambao divai yao nyekundu hutengenezwa kwa zabibu za kitalu kimoja tu, pengine kisichozidi hekta mbili, na jina la kitalu hicho ndilo linaloandikwa kwenye chupa. Karibu zaidi, katika mkoa wa Dodoma nchini Tanzania, zabibu hustawi kwenye ardhi kame, na divai nyekundu ya huko ina ladha ambayo mnywaji aliyezoea huitambua. Sababu ni moja. Ganda la zabibu nyekundu lina ukakasi, ule unaokausha ulimi kama chai iliyokolea majani, na ukakasi huo hubadilika kufuatana na udongo, mvua, jua na umri wa mzabibu. Zabibu za mashamba kumi zikichanganywa, tabia za mashamba kumi hupotea ndani ya pipa moja.

Mgomba nao ni hivyo hivyo. Si kila ndizi hutoa tonto. Ndizi za kupika, ambazo kila nyumba ya Buganda huzijua kwa jina la matooke, zina undugu wa karibu na ndizi za pombe ziitwazo mbidde. Mtu asiyezoea hawezi kuzitofautisha kwa kutazama majani. Lakini nyama ya mbidde ina ukakasi mwingi, na mama akiipika kwa makosa, familia nzima itajua kabla ya tonge la pili. Ukakasi huo unaoharibu chungu ndio unaoipa tonto mwili wake. Ziko mbidde za aina nyingi, kama vile Kabula na Nalukira, na wazee wa kila kijiji wana aina wanayoisifu kuliko nyingine. Baadaye, katika karne iliyopita, ilienea aina ngeni iitwayo kayinja, yenye maji mengi na isiyochagua udongo. Wakulima wengi wakaipenda kwa wingi wa maji yake.

Basi kijana akaomba ruhusa kazini, akapanda gari la abiria kuelekea barabara ya Mityana, hadi nyumbani kwa shangazi yake. Katika mila ya Waganda shangazi, yaani ssenga, ndiye mwalimu wa mambo ya ndoa, na ndiye anayebeba sehemu kubwa ya heshima ya ukoo siku kama hiyo. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akasimama, akamwongoza nyuma ya nyumba.

Shamba lilikuwa limepungua. Sehemu ya chini, mahali ambapo kijana alikumbuka kivuli kizito cha migomba ya kayinja alipokuwa mtoto, sasa palikuwa na mihogo na maharage. Migomba ile ilikuwa imekufa yote. Iliyosalia ni mbidde ya zamani karibu na jiko, mashina yaliyopandwa na babu yake.

Mnyauko ndio uliokuwa umeliingia shamba hilo, na wasomaji wengi wenye ndugu vijijini wameuona. Ni ugonjwa wa bakteria. Ulijulikana kwanza Ethiopia, nao ukagunduliwa nchini Uganda mwaka 2001, katika eneo la Mukono, kisha ukasambaa katika wilaya nyingi na kuvuka mipaka hadi nchi jirani. Majani hulegea na kugeuka manjano kana kwamba yamepigwa na maji ya moto. Ndizi huiva kabla ya wakati wake, na zikikatwa ndani huonekana rangi ya kutu. Shina likikatwa hutoa usaha wa manjano. Nyuki na wadudu wengine huubeba kutoka kwenye ua jekundu linaloning'inia mwishoni mwa mkungu. Ua la kayinja huangusha magamba yake na kuacha vidonda vibichi ambamo bakteria huingia kwa urahisi, na ndiyo maana aina hiyo iliteketea upesi kuliko nyingine. Hata hivyo, hakuna mgomba wa kulimwa ulio salama kabisa, na panga lililotumika kwenye shina gonjwa huupeleka ugonjwa kwenye shina zima.

"Hii imepona kwa nini, Shangazi?" kijana akauliza, akiigusa mbidde.

Mama akamwonyesha kijiti kirefu chenye panda kilichoegemezwa ukutani. Kwa kijiti hicho huvunja ua la kila mkungu mara tu chana la mwisho linapojitokeza. Hatumii kisu kwa kazi hiyo. Panga la kukatia majani hulipitisha kwenye moto kabla ya kuhamia shina jingine, na panga la jirani haliingii shambani mwake hata kwa salamu. Alipoona mgomba mmoja umelegea, aliung'oa pamoja na machipukizi yake yote, akauzika. Alikuwa amefanya hivyo miaka mingi, mwenyewe, bila ya kungoja bwana shamba.

"Mungu aliniachia hii kwa ajili yako," akasema. "Lakini mimi nami nilimsaidia."

Jumamosi hiyo, wiki moja kamili kabla ya kwanjula, kazi ikaanza. Tonto haikai, ukiiandaa mapema huwa siki, ukichelewa huwa maji matamu tu. Kwa hiyo mwenye kuipika huhesabu siku kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli. Shimo lilichimbwa, majani makavu ya mgomba yakachomwa ndani yake mpaka udongo ukapata joto. Majivu yakaondolewa, majani mabichi yakatandikwa, mikungu iliyokomaa ikapangwa, ikafunikwa kwa majani na udongo juu yake. Joto na giza huivisha ndizi zote kwa pamoja, na moshi huacha harufu yake ambayo mnywaji ataikuta baadaye ndani ya kibuyu. Mikungu mitatu shangazi aliiweka kando. Alisema itafukiwa Jumatatu, kwa kazi nyingine. Kijana akarudi lindoni.

Jumatano usiku alirejea, na Alhamisi alfajiri shimo lilifunuliwa. Shangazi alibonyeza ndizi chache kwa kidole gumba. Hapo ndipo ujuzi unapotakiwa: ndizi mbichi haitoi maji, nayo iliyoiva kupita kiasi hugeuka uji, maji na nyama visitengane tena. Zilipomenywa zilitiwa katika mtumbwi wa mti uliochongwa kwa kazi hiyo, pamoja na vicha vya nyasi ngumu ziitwazo lusenke. Tangu jadi kukanyaga ni kazi ya wanaume. Kijana alivua buti zake, akanawa miguu kwa sabuni na maji mengi mara mbili, shangazi akiwa amesimama kuhakikisha.

"Miguu hii imezoea gwaride la Serikali," mama akasema. "Leo ifanye gwaride la mke."

Alikanyaga kwa muda mrefu kuliko alivyodhani. Mwanzoni kulikuwa na ute tu, mzito na wa kunata. Nyasi hukamata nyama ya ndizi na kuiachia maji yateremke. Baada ya muda mtumbwi ukaanza kutoa sauti nyingine chini ya nyayo, na maji yenye rangi ya asali yakajikusanya. Hayo huitwa mubisi. Ni matamu mno, hayana kileo chochote, nayo hutiwa maji kiasi ili yalainike. Yalichujwa kwa nyasi safi, yakarudishwa mtumbwini. Kisha ukatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa nusunusu, mtumbwi ukafunikwa kwa majani ya mgomba, na watu wakaambiwa wakae mbali nao.

Hakuna hamira ya dukani iliyotiwa. Vijimelea vya kuchachusha vimo katika mtama, katika ndizi na katika mbao za mtumbwi wenyewe, ambao umefanya kazi hiyo kizazi hadi kizazi. Ndiyo sababu nyingine ya tonto ya nyumba moja kutofanana na ya jirani. Kwa siku moja au mbili kinywaji hutokota bila ya moto, kikitoa mapovu na mlio mdogo kama wa mvua ya mbali. Kinapotulia huwa tayari.

Na tonto ya shamba moja ikiwa tayari huwa na sura gani? Rangi yake ni ya kahawia yenye wekundu kidogo, nayo haipenyi mwanga. Anayetafuta kinywaji king'avu atafute kingine. Puani hutangulia moshi wa shimo, kisha utamu wa ndizi mbivu. Mdomoni utamu huja kwanza, lakini haukai. Ukali wa uchachu huusukuma, na mwishoni hubaki ukakasi wa mbidde na uchungu wa mtama uliokaangwa, ukishika pande za ulimi. Nguvu yake hutofautiana, lakini vipimo vya wataalamu hutaja kati ya asilimia 6 na 11 za kileo, yaani kutoka nguvu ya bia kali hadi kukaribia divai. Mtu huinywa kwa kibuyu na mrija, polepole, akiwa ameketi. Kwa hiyo anayeinywa kama maji baada ya gwaride hujidanganya mwenyewe.

Yamkini msomaji atauliza: ikiwa ni kinywaji tu, mbona uchunguzi wote huu? Jibu la kwanza ni heshima. La pili ni uhai.

Old Kampala yenyewe ina kumbukumbu ya jambo hili. Kapteni Lugard aliweka ngome juu ya kilima hicho mwezi Desemba 1890, na mwaka uliofuata akawachukua askari wa Kisudani waliosalia baada ya Emin Pasha kuondoka. Wazao wao ndio Wanubi wa Uganda. Kiswahili kikaendelea kuwa lugha ya kambi na kituo cha polisi, na pamoja nacho likaja jina la kinywaji kilichotoneshwa kwa moto: waragi. Wako wanaosema jina hilo ni maneno ya Kiingereza yenye maana ya jini ya vita, na wako wanaolihusisha na araki ya Waarabu. Kwa vyovyote, tonto ikichemshwa na mvuke wake ukakusanywa, hupatikana enguli, pombe kali mara nyingi kuliko tonto. Katika miaka ya 1960 ilitungwa sheria ya kuwataka wapika enguli wawe na leseni, nayo enguli yao ikawa inasafishwa kiwandani na kuuzwa kwa jina la Uganda Waragi.

Lakini si yote iliyofika kiwandani. Pombe isiyojulikana ilikotoka ndiyo iliyoleta msiba wa mwezi Aprili 2010 katika wilaya ya Kabale, ambako waragi iliyochanganywa na methanoli iliua watu zaidi ya 80 katika muda wa wiki chache. Methanoli haina rangi, na mnywaji hawezi kuitofautisha kwa ulimi. Mwilini hugeuka kuwa asidi inayoshambulia mishipa ya macho. Dalili zaweza kuchelewa kwa saa nyingi: kichwa kuuma, kutapika, tumbo kusokota, macho kuona ukungu. Mtu wa namna hiyo hapaswi kulazwa nyumbani eti ulevi utaisha. Apelekwe hospitali mara moja, kwa maana matibabu yapo na kila saa ina thamani. Mwaka 2019 Serikali iliondoa madukani pombe kali ya vipakiti vidogo, lakini jerikeni lisilo na jina halikuondoka. Mnunuzi wake hana wa kumwuliza.

Jumamosi ya kwanjula ikafika. Alfajiri, kijana alikanyaga mara ya pili, safari hii ile mikungu mitatu iliyofukiwa Jumatatu. Mubisi wake haukutiwa mtama. Shangazi alikuwa amekumbuka kwamba mjomba wa binti ni Mwislamu, na kwamba wazee wengine wa upande ule waliokoka zamani. Watu hao hawatii kileo mdomoni. Mubisi wa asubuhi hiyo ulichukuliwa kwa vyombo vilivyooshwa mbali na vile vya tonto, ili unywewe siku hiyo hiyo, kwa kuwa ukilala huanza kuchachuka wenyewe. Hivyo shamba moja likatoa vinywaji viwili, na hakuna mgeni aliyeachwa bila ya kikombe.

Kwa wakwe, vibuyu vilipangwa mbele ya wazee. Mzee yule aliyeandika maneno mawili aliagiza kibuyu kimoja kifunguliwe. Akavuta mrija, akanyamaza. Akavuta tena.

"Hii imetoka wapi?" akauliza.

Msemaji wa upande wa bwana harusi akajibu kwa kutaja kijiji, akamtaja shangazi, akasema ni mbidde iliyo nyuma ya jiko, iliyopandwa na babu yake kijana.

"Nani aliyekanyaga?"

Kijana akapiga magoti, akasema ni yeye mwenyewe. Mzee akamwangalia miguu kwa kitambo, watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao. Halafu akaupitisha mrija kwa aliyekaa kuliani mwake. Orodha iliyosalia ilikaguliwa haraka sana.

Siku chache baadaye, kijana alipokwenda kumshukuru shangazi yake, mama huyo hakutaka kanga wala pesa aliyomletea. Alimpa machipukizi mawili ya mbidde, yaliyokatwa kwenye mashina yasiyo na dalili yoyote, na kijiti chenye panda. Kijana akamkumbusha kwamba Old Kampala hana hata pembe ya kupanda mchicha.

"Hutakaa Old Kampala siku zote," mama akajibu. "Ukistaafu, wanao watakuuliza shamba lako liko wapi."

Machipukizi hayo yalipandwa katika kiwanja cha baba yake.

Kwa familia zitakazokuwa na shughuli ya namna hii, yafuatayo yafaa kukumbukwa. Agizeni tonto kwa mtu mnayemjua, wiki mbili kabla ya siku, na mwulize shamba, si bei pekee. Hesabuni siku za kufukia na za kuchachuka kurudi nyuma kutoka siku ya shughuli. Vyombo na miguu vioshwe, na maji ya kuongeza yachemshwe kwanza yakapoe. Watengeeni mubisi wasiokunywa kileo. Msinunue waragi isiyo na chapa ya kiwanda wala jina la mpishi, hata kwa nusu ya bei. Mwenye zamu ya silaha au usukani asiiguse siku hiyo wala usiku unaoitangulia, maana utamu wa tonto huficha nguvu yake. Na mwenye migomba nyumbani avunje maua kwa kijiti, apitishe panga motoni, na asione uchungu kung'oa mgomba mmoja ili kuokoa mia.

Mgema wa methali alitia maji kwa sababu wanywaji walijua kusifu tu, hawakujua kuuliza.